Nafasi 118 katika Daftari la Bach

Mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach alipokuwa mpiga kinanda wa ikulu ya Weimar, kati ya 1708 na 1717, alianza daftari la vipande vifupi vya kinanda cha mabomba, kila kimoja kikijengwa juu ya tuni ya wimbo wa kitabuni wa Walutheri. Alitenga nafasi kwa nyimbo 164, lakini alikamilisha vipande 46 tu. Nafasi 118 za daftari hilo, Orgelbüchlein, alizoziacha bila kuzijaza, zilimfanya mpiga kinanda wa Uingereza William Whitehead awaombe watunzi wa zama zetu waziandikie muziki mpya, kila mmoja kwa mtindo wake. Kazi ya namna hiyo huamsha ubishi wa siku nyingi: je, mtunzi wa leo ana ruhusa gani juu ya tuni ambayo si yake?

Wenye mashaka husema kwamba tuni ni mali ya washarika. Anayeificha ndani ya sauti ya kati iitwayo tenor, akaikatakata na kuizungushia sauti zinazogongana, amewanyang'anya watu kitu walichokiimba tangu utotoni. Hoja hii ina nguvu hasa katika ibada, kwa kuwa mpiga kinanda anayetangulia wimbo anadaiwa kwanza kuwaonyesha watu waanzie wapi na waende kwa mwendo gani. Bach mwenyewe alilaumiwa hivyo. Mwezi Februari 1706, akiwa na umri wa miaka 20, baraza la kanisa la Arnstadt, mji wa Ujerumani alikopiga kinanda kabla ya Weimar, lilimhoji kwa kuweka mapambo ya ajabu na sauti za kigeni katika nyimbo hata washarika wakachanganyikiwa (na pia kwa sababu aliomba ruhusa ya majuma manne kwenda Lübeck akakaa karibu mara nne ya muda huo).

Kisa hicho hupendwa sana na watetezi wa muziki mpya, ingawa hakithibitishi mengi, maana si kila anayekemewa na wazee wa kanisa ni Bach. Hoja yao iliyo bora zaidi, nayo haisikilizwi ipasavyo, imo ndani ya vipande vyenyewe. Katika kipande cha Orgelbüchlein kilichojengwa juu ya wimbo unaohusu anguko la Adamu, sauti ya juu inaimba tuni wazi bila kuigeuza, lakini chini yake besi inayopigwa kwa miguu inashuka kwa miruko mipana na michungu, tena na tena. Asiyejua maneno ya wimbo anaweza kudhani mpigaji amekosea, ilhali anayeyajua anasikia mtu akianguka. Vivyo hivyo katika wimbo mrefu wa mateso unaomwita mwanadamu aililie dhambi yake, pale maneno yanapofika kwa Kristo aliyekaa muda mrefu msalabani, mwendo unazidi kupungua na mapatano ya sauti yanahamia mahali ambapo sikio halikupatarajia. Ukali huo ulitoka katika beti zenyewe, na mtunzi wa leo anayetumia ukali wa zama zake kwa sababu hiyo hiyo anafuata nyayo za Bach kwa uaminifu kuliko anayeiga mapambo yake ya karne ya 18.

Si lazima upya uwe na ukali, hata hivyo. Mnamo 1920 mtunzi Mwingereza Ralph Vaughan Williams alichapisha vipande vitatu juu ya tuni za nyimbo za Wales, na kile kiitwacho Rhosymedre kinatiririka kwa upole ambao hata mzee wa Arnstadt angeupokea.

Linalonisumbua zaidi ni jambo jingine, nalo wapinzani hawalitaji sana. Bach alitegemea kumbukumbu ya wasikilizaji: aliweza kuivika tuni mapambo mengi kwa sababu walikuwa nayo kichwani tayari. Nyimbo nyingi katika zile nafasi 118 hazimo tena vinywani mwa watu, na mtu anayeingia katika tamasha London bila mazoea ya kanisa huenda asizijue hata chache. Mtunzi anaporejelea tuni ambayo hakuna anayeijua, anarejelea nini? Msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) aliyelelewa na kitabu cha Mwimbieni Bwana, chenye tuni nyingi zilizoletwa na wamisionari wa Kijerumani, anaweza kuwa msikilizaji aliyeandaliwa vizuri zaidi kwa baadhi ya vipande hivi kuliko huyo wa London.

Hata hivyo, naona kasoro hiyo ni ya namna muziki unavyopigwa mbele ya watu, wala si ya muziki wenyewe. Tuni hizi zilitungwa ziimbwe na watu wasiosoma noti: mistari ni mifupi, na kila mmoja unaishia kwenye kituo. Ikiimbwa ubeti mmoja kabla ya kinanda kuanza, sikio la kawaida linaweza kuifuata hata ikifichwa kwenye besi. Mtunzi aliyebakiza noti tatu tu za tuni, akazitawanya pasipo mstari wala kituo, hataokolewa na maandalizi hayo, na hapo nakubaliana na wenye mashaka. Kwa wengine wote, waandaaji wa tamasha wachapishe tuni na ubeti wake katika ratiba, kisha wawasimamishe watu waimbe kwanza.