Binti kalia kwa ajili ya Ufaransa, mimi nikamkumbuka babu

Juzi nimemaliza shifti ya usiku, niko kwenye chumba cha wafanyakazi nasubiri basi, kuna binti tunafanya naye kazi, ana miaka 22, mzaliwa wa hapahapa Boston, Lincolnshire, Uingereza, kajikunyata kwenye kona na simu yake analia. Nikajua kafiwa. Nikamuuliza vipi mdogo wangu, akanigeuzia simu nisome: kazi ya hoteli aliyoomba kule milima ya Alps, Ufaransa, ya msimu wa baridi, wamemjibu wanachukua tu watu wenye haki ya kufanya kazi Umoja wa Ulaya. Basi, mistari miwili. Dada yake mkubwa alikwenda kulekule mwaka 2014, hakuomba visa wala kibali, alipanda basi, akafika, Jumatatu akaanza kazi, akakaa misimu mitatu, na leo anaongea Kifaransa kama kazaliwa nacho.

Nisiwafiche, nilikasirika. Nilisema moyoni, hivi huyu mtoto anajua mimi visa ya kuja huku niliipataje? Mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha polisi cha tabia njema, alama za vidole, mama kauza shamba la minazi la urithi, alafu wiki kibao nakaa na simu mkononi kila barua pepe ikiingia moyo unaruka. Yeye ana pasipoti inayoingia Hispania bila visa, Agosti yote alikuwa ufukweni, anachokosa ni ruhusa ya kutandika vitanda kwenye baridi! Nikampa pole ya mdomoni nikaondoka.

Lakini kwenye basi nikaanza kufikiria, na nimefikiria wiki nzima, ndo maana naandika. Yule binti ana haki ya kulia, na sisi Watanzania tulitakiwa tuwe tumelia kabla yake.

Najua tayari kuna mtu anasema haya ameanza, kafika majuu juzi tu ashaanza kutufundisha, mbeba boksi huyo. Ndugu yangu, boksi nimebeba na wazee nawaogesha na sioni aibu hata kidogo, ada ya mdogo wangu pale Tanga inalipwa na kazi hiyohiyo. Sijaja kusema kwenu kubaya huku kuzuri. Nisikilize kwanza alafu utukane.

Mji huu ninaokaa una historia yake. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, nchi nzima waliosema tutoke walikuwa asilimia 51.9, lakini Boston walikuwa 75.6, hakuna sehemu iliyozidi hapa. Huku ni mashamba tu, kabichi, viazi, koliflawa, na tangu 2004 Wapolandi, Walithuania na Walatvia walipopata uhuru wa kuja kufanya kazi, walikuja wengi, mji mdogo ukabadilika kwa miaka michache. Wazee ninaowahudumia wengi wao walipiga kura ya kutoka, wananisimulia wenyewe nikiwa nawafunga vifungo vya sweta. Mmoja aliniambia, mtaa wangu uligeuka na hakuna aliyeniuliza. Namuamini, na siwezi kumcheka. Daktari foleni, nyumba moja wanalala watu kumi, mshahara wa shambani haupandi, hata wewe ungekasirika.

Yule binti siku ile alikuwa na miaka 13. Hakuulizwa. Uingereza ikatoka rasmi 31 Januari 2020, na 31 Desemba mwaka huohuo uhuru wa kwenda kufanya kazi Ulaya ukaisha. Saivi anaruhusiwa kukaa siku 90 katika kila siku 180, kutembea tu, kazi hapana. Erasmus, ule mpango wa wanafunzi, nao wakatoka, eti ndo wanarudi 2027. Umoja wa Ulaya mwezi wa nne 2024 walipendekeza vijana wa miaka 18 hadi 30 waruhusiwe kwenda na kurudi, London wakakataa, mpaka Mei 2025 ndo wakakubaliana kwamba watazungumza. Yani mtoto wa miaka 13 anafika 22 watu wanazungumza! Rafiki yake wa darasa moja yeye yuko Lyon, Ufaransa, anafanya kazi bila shida yoyote, kwa sababu bibi yake alizaliwa Ireland, akachukua pasipoti ya Ireland. Mtaa mmoja, shule moja, tofauti ni bibi.

Na zile ahadi kwamba wageni wakipungua vijana watapata kazi nzuri na nyumba rahisi? Binti analala chumba alicholala tangu darasa la tatu, kwa mama yake, na kazi anafanya na mimi, bega kwa bega, mshahara mmoja. Kodi za nyumba hazikushuka, zimepanda. Wapolandi wengi wameondoka ni kweli, lakini wazee waliendelea kuzeeka, mtu wa kuwageuza kitandani saa nane usiku hakuna, kwa hiyo Februari 2022 serikali ikafungua visa kwa walezi wa wazee kutoka nje, tukaja sisi, Wanigeria, Wazimbabwe, Wahindi, na mimi wa Tanga. Alafu Julai 2025 wakaufunga tena huo mlango.

Sasa hapa ndo penye neno langu lote. Kazini kuna mama wa Kipolandi, yuko huku tangu 2005. Ananiambia alivyokuwa kwenye kiwanda cha kufungasha mboga, msimamizi akiwa mnyanyasaji, Ijumaa anavua aproni anaiweka mezani, Jumatatu yuko kiwanda cha jirani. Hakuomba mtu. Mimi visa yangu imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri wangu wa kwanza huku, simtaji, tuliandikiana saa 39 kwa wiki akawa ananipa 20, na chumba nilichokuwa nalala kilikuwa cha kwake, kodi anakata kwenye mshahara kabla sijauona. Nilinyamaza miezi saba. Ningeondoka ningepoteza kazi, chumba na visa siku moja, na sponsa wako, yani mwajiri aliyekudhamini visa, akikutoa una siku 60 utafute mwingine au ufunge begi. Nilikuwa nalia bafuni nimefungulia maji ili wenzangu wasisikie. Ndo nikajua kwamba ile haki ya kuhama nchi bila kumpigia mtu magoti ndo mdomo wa mfanyakazi. Mama wa Kipolandi alikuwa nayo, akasema alichotaka kusema. Mimi sina, nikameza. Na binti wa Boston wamemnyang'anya bila kumuuliza, ndo maana analia, na mimi kwa wivu wangu nikaona anadeka.

Sasa turudi nyumbani.

Babu mzaa mama alikuwa fundi wa Reli ya Afrika Mashariki. Kaajiriwa Tanga, akapelekwa Voi, akapelekwa Nairobi, akapewa kota Muthurwa, mama yangu kazaliwa hukohuko. Babu alikuwa anasema Nairobi ilikuwa kazini tu, hakuwahi kuona kama amekwenda nchi ya watu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, hadi 1983 ndo ukafunguliwa, na babu alirudi Tanga na mke, watoto watano, cherehani na magunia mawili ya vyombo. Mabehewa na ndege na meli za Jumuiya zilipata msuluhishi, yule Mswisi Umbricht, wakasaini mgawanyo 1984. Wastaafu wenyewe miaka ya elfu mbili walikuwa bado wanadai mafao yao Dar, wazee na mikongojo, sote tuliwaona kwenye taarifa ya habari. Kitambulisho cha babu bibi alikitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano. Picha imefifia uso hauonekani, muhuri tu ndo unasomeka.

Kwa hiyo mtu asiniambie haya mambo ya kuvunja muungano na kupoteza kazi na nyumba ni habari za Wazungu. Yalitupata sisi miaka arobaini na zaidi kabla yao.

Na tukajenga upya! Hapa najivunia kabisa. Mkataba wa Jumuiya mpya 1999, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kazi 1 Julai 2010, imeandikwa humo uhuru wa watu, uhuru wa wafanyakazi, haki ya kuishi. Leo tuko nchi nane, kutoka Kinshasa hadi Mogadishu. Wakati Waingereza wanabomoa sisi tulikuwa tunaongeza vyumba. Ila jamani, tumeingia kwenye hivyo vyumba? Kila nchi iliorodhesha kazi inazokubali kuzifungua, zingine zikabaki nje. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, sisi hatukuingia, mpaka leo ni pasipoti au hati ya dharura. Kenya na Rwanda wamefuta ada ya kibali cha kazi kwa wana Jumuiya, sisi tunalipisha. Julai 2025 tumetoa orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi, uwakala wa pesa za simu, saluni, kutengeneza simu, kuongoza watalii, na mgeni humo ni pamoja na Mkenya ambaye shangazi yake kaolewa Muheza.

Najua mtakachosema. Wakenya watatumaliza, wana Kiingereza, wana mitaji, watoto wetu watakuwa wafagizi. Nimeyasikia maneno hayo Boston kwa Kiingereza, neno kwa neno, toa Mkenya weka Mpolandi. Sisemi hofu haina msingi. Kariakoo mtu analipa kodi ya fremu ya mwaka mzima, alafu mgeni anafungua kibanda mlangoni kwake anauza bei ya jumla, lazima aumie, na serikali ilikuwa na haki ya kuliangalia hilo. Ila mlango una pande mbili. Ukimfungia wa Nairobi asije, umemfungia wa Tanga asiende, maana na wao wana wabunge na wao wana hasira.

Mwingine atasema kijana wa Bongo hata kutoka mkoa kwenda mkoa hawezi, we unamwambia habari za nchi jirani. Kweli kabisa, na hili linaniuma. Mimi kabla ya kuja huku nilipata kazi Dar ya laki tatu na nusu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali naye kodi ya mwezi mmoja kwa kunionyesha chumba ambacho dirisha linaangalia choo, nikapiga hesabu nikarudi Tanga, kazi ikaenda. Huku nilipohamia sasa natoa pauni 450 kwa mwezi, deposti kwa sheria haizidi kodi ya wiki tano. Hilo nalitamani nyumbani kwa moyo wote, na sioni kwa nini kulisema kuwe dharau. Sheria ya kodi ya mwezi kwa mwezi haihitaji theluji.

Na kwetu Tanga Dar haiko karibu kushinda Mombasa. Wadigo wa Horohoro upande wetu na wa Lunga Lunga upande wa Kenya ni ukoo mmoja, wanazikana, wanaozana, mstari umepita katikati ya shamba la watu. Binamu yangu ni fundi wa madirisha ya alumini, mkono wake mzuri sana, hana kazi ya kueleweka Tanga, anavuka na hati ya dharura anafanya saiti za Mombasa. Kibali hana, karatasi zake hawezi, mpakani anasema naenda kusalimia. Mwezi wa tisa kafunga madirisha 14 kwenye gorofa moja, mwenye kazi kampa nusu akamwambia nyingine nenda kanishtaki. Atamshtaki wapi? Akienda polisi la kwanza ataulizwa kibali. Binamu kaniambia hayo kwenye simu kwa sauti ya chini, mimi nikaona bafu langu lile na maji yanatiririka. Tuko bara mbili, yeye ndani ya Jumuiya iliyosaini haki yake 2010, na ananyamaza kama mimi.

Kwa hiyo anayeniambia nimekuwa Mzungu, naomba anijibu hili moja: kwa nini mtoto wa Boston anajua alichonyang'anywa, anakitaja kwa jina, wenzake wanaandika kwa wabunge wao, na sisi tuliokuwa nacho enzi za babu, tukakipoteza, tukakisaini tena, hatumuulizi mbunge hata mmoja? Kampeni ya 2025 nimefuatilia kwa simu kila siku, maji, barabara, bodaboda, mikopo ya vijana, vizuri sana. Itifaki sikusikia mtu akiitaja, na sikusikia kijana akiiuliza.

Binti nilimrudia nikamuomba msamaha, hakuelewa namuombea nini, nikamnunulia chai. Anajaza fomu za Australia, huko vijana wa Kiingereza wanapokelewa. Ufaransa kutoka Dover siku ya anga safi unaiona kwa macho, yeye anakwenda upande wa pili wa dunia kutafuta mtu atakayemruhusu kuosha vyombo.

Binamu yeye jana kanitumia meseji, hati imeisha muda, anarudi Horohoro kuchukua nyingine, na pesa ya madirisha saba bado.