TSA na nyaraka zilizopakwa weusi

Kuna makala nimeisoma inawalaumu TSA, wale wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani, kwa kuchelewesha maombi ya watu wanaotaka kuona nyaraka za shirika hilo. Sawa, sheria ya uhuru wa kupata taarifa za serikali (FOIA) ya mwaka 1966 inawapa siku 20 za kazi kujibu, na wengi husubiri zaidi ya hapo. Lakini kwangu kuchelewa ni afadhali. Kero ni ile kinga yao ya "taarifa nyeti za usalama": unaletewa ukurasa umepakwa weusi juu mpaka chini, kilichobaki ni tarehe na salamu!

Na si kila kinachofichwa kinawahusu magaidi. Mnazikumbuka mashine za kupiga picha mwili mzima? Umma uliambiwa haziwezi kuhifadhi picha. EPIC, shirika la Marekani linalotetea faragha, wakaomba nyaraka, wakafika hadi mahakamani, na mwaka 2010 ikajulikana kwamba TSA wenyewe waliagiza mashine ziwe na uwezo wa kuhifadhi na kutuma picha zikiwa kwenye majaribio. Kwa hiyo anayesema kuomba ni kupoteza muda, simwelewi. Halafu si lazima uwe raia wa Marekani, hata aliyeko Tanga anaruhusiwa kuomba. Ukinyimwa, unazo siku 90 za kukata rufaa.