Niko nyumbani, lakini niko kazini

Mama yeyote anayefanyia kazi nyumbani ameshaambiwa, "Si upo tu nyumbani?" Shemeji anasema hivyo akikuomba ukampokelee mzigo stendi. Jirani anasema hivyo akikuachia mtoto ili afike sokoni mara moja. Mama mkwe naye anashangaa, tena kwa upendo kabisa, kwa nini mchana hakuna chakula cha moto ilhali mkwe wake hajavuka geti tangu asubuhi. Hawana nia mbaya. Lakini maneno hayo yanatuchosha kuliko kazi yenyewe, na naamini yasiposhughulikiwa, hakuna ratiba itakayomwokoa mama.

Mimi natunza mahesabu ya biashara ndogo ndogo: duka la vifaa vya ujenzi, famasi, mgahawa, na wengine wanaoniletea risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zikiwa zimebanwa kwenye mfuko wa rambo. Ofisi yangu ni meza iliyo pembeni ya chumba cha kulala, hapa Tabata, Dar es Salaam. Kazi yenyewe inaendeshwa na tarehe. Kodi ya mishahara mwisho ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ritani ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20. Kisha mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya mapato kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu unaishia Desemba. Mtoto akipata homa tarehe 19, tarehe 20 inafika vilevile, na nikichelewa, mteja ndiye anayetozwa faini. Na wenye watoto wa shule wameshaona tatizo hapo: Juni na Desemba ndiyo miezi ya likizo ndefu.

Wako wanaozungumza kama vile kufanyia kazi nyumbani kulianza na korona. Huku kwetu kazi hii ni ya zamani sana. Wanawake wa Zanzibar na Lamu wameshona kofia za mkono majumbani mwao kwa vizazi. Wamesuka mikeka ya ukili, wamekaanga vitumbua kabla hakujapambazuka, wamefunga ubuyu na barafu za kuuza, huku wanalea. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Ilipofika Desemba nyumba ilijaa vitambaa vya sare, mashati meupe na sketi za bluu, na mtaa mzima ulijua kwamba mpaka shule zifunguliwe huyu mama hasumbuliwi. Nimefikiria sana kwa nini yeye aliheshimiwa hivyo na sisi hatuheshimiwi. Naona sababu kubwa ni kwamba cherehani ilisikika. Mpita njia alisikia kazi, akaona sare zimetundikwa kibarazani, akajua pale pana mtu anatafuta riziki. Kompyuta haitoi sauti. Anayechungulia mlangoni anamwona mwanamke amekaa kwenye kiti, kikombe cha chai kiko pembeni, basi anaingia na kuanza habari.

Ushauri tunaopewa mara nyingi ni mmoja: jipange. Amka mapema, andika ratiba, pika vya wiki nzima Jumapili. Sipingi kujipanga, kwa sababu bila mpangilio kazi yangu isingekuwepo. Ninachokataa ni ushauri huo kumwendea mtu mmoja tu katika nyumba yenye watu watano. Mwenye mtoto anayefuatwa na gari la shule kabla jua halijachomoza ameshaamka mapema, hana saa nyingine ya kuikata usingizini. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba duniani wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa zote za malezi na kazi za nyumbani zisizolipwa. Mzigo wa namna hiyo huwezi kuupunguza kwa kumnunulia anayeubeba daftari zuri la ratiba. Ratiba lazima iwe ya nyumba, na iwe na majina ya watu wengine.

Kwetu mambo yalianza kubadilika siku mimi na mume wangu tulipokaa na karatasi tukaandika kila kinachofanyika ndani ya nyumba hii kwa wiki. Hatukuishia kwenye kupika na kufua. Tuliandika pia kununua umeme wa LUKU kabla haujaisha, kuagiza maji, kukata watoto kucha, kukumbuka tarehe ya kliniki, kusoma ujumbe wa walimu kwenye grupu la wazazi, kujua nani viatu vimembana. Mume wangu si mvivu. Anatoka asubuhi na mapema, anarudi jioni amechoka kweli. Ila mengi kati ya hayo hakujua kwamba ni kazi, kwa sababu aliyakuta yameshafanyika. Alichukua mazoezi ya shule ya kila jioni, kuogesha watoto, na soko la Jumamosi. Siku zinazotangulia tarehe 7 na tarehe 20, chakula cha usiku ni chake, akipika au akinunua. Rafiki zake walimtania mwanzoni. Akawaambia kwamba ada ya shule inatoka kwenye hizohizo hesabu, na utani ukakoma.

Sasa chakula, maana hapa ndipo siku inapopotelea. Kazi za usafi zinaweza kusubiri. Nyumba isiyodekiwa asubuhi itadekiwa jioni na hakuna aliyelala njaa. Tumbo halisubiri. Na kinachokula muda zaidi ya kupika kwenyewe ni kuamua. Saa tano asubuhi unaacha hesabu za benki katikati, unasimama mbele ya friji ukijiuliza wale nini, na ukirudi mezani uzi umeshakupotea. Kwa hiyo cha kesho kinaamuliwa leo usiku, na tembele au mchicha unachambuliwa usiku huohuo, wote tukiwa tumekaa sebuleni.

Maharage ndiyo mkombozi wangu. Nayaloweka usiku wa Jumamosi, Jumapili nachemsha sufuria kubwa bila chumvi wala kiungo chochote, nagawa kwenye vyombo vidogo, vinaingia kwenye friza. Siku ya kazi natoa chombo kimoja na kuunga tu: kitunguu, nyanya, karoti ikiwepo, tui la nazi mwishoni. Chombo kingine kinakuwa makande kesho kutwa. Anayetumia gesi anajua uchungu wa kuchemsha maharage kwenye mtungi, kwa hiyo kama una uwezo, nunua sufuria ya presha, hata ya umeme. Ile ya umeme watu wanaiogopa wakidhani italamba units zote, lakini kwa vyakula vigumu haitumii nyingi kwa kuwa joto linabaki ndani na muda wa kupika ni mfupi. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mazungumzo mengi juu ya mkakati huo ni ya misitu na moshi, na ni sawa. Mimi naongezea muda. Jiko la mkaa linataka mtu wa kuliwasha, kulipepea na kuliangalia, na mtu huyo karibu kila nyumba ni mwanamke.

Ugali wa mchana siku za kazi nimeuacha, na najua wapo watakaoguna. Wali maji yakishakauka unaufunika moto mdogo, ukarudi kwenye kazi. Ugali unataka usimame nao na mwiko mkononi mpaka uive, na uliwe wa moto. Kwetu umehamia usiku. Mchana tunakula kiporo kilichowekwa vizuri kwenye friji jana, au viazi vitamu na chai, au mihogo. Chapati nanunua kwa mama wa nyumba ya tatu anayezipika kwa biashara. Yeye anapata hela, mimi napata saa nzima, na zake ni laini kuliko zangu.

Wageni ni suala gumu zaidi, kwa sababu utu wetu umejengwa juu ya kumkaribisha mtu. Sitaki kuwa mtu wa kufungia wageni nje. Nimewaambia tu ndugu na majirani saa ambazo mlango uko wazi: kuanzia saa tisa alasiri, karibuni sana, chai ipo. Asubuhi aliye na dharura agonge, asiye na dharura anisubiri. Mama mkwe alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Nilimwonyesha ankara niliyomtumia mteja na fedha iliyoingia, nikamwambia, "Mama, hii ndiyo kazi niliyokuwa nafanya jana ulipoona nimekaa tu." Siku hizi ndiye anayewazuia wengine.

Kuhusu watoto, niseme wazi kwa sababu wengi wanadanganywa na picha za mama anayechapa kompyuta huku kichanga kimetulia mapajani. Mtoto wa chini ya miaka mitatu na kazi inayotaka umakini haviendi pamoja. Ukimwangalia mtoto, hesabu zitakosewa. Ukiangalia hesabu, mtoto atafika kwenye ndoo ya maji. Lazima awepo mtu mwingine wa kumwangalia, na gharama ya mtu huyo ni gharama ya biashara kama ilivyo bando. Mimi nimeiingiza kwenye bei ninayowatoza wateja. Mama unayeanza, usijitoze bei ndogo ukidhani uko nyumbani na hulipi pango. Unalipa.

Huyu mkubwa wa darasa la tatu anaelewa alama kuliko maneno. Kanga ikining'inia kwenye kitasa cha mlango, mama yuko kazini, na anagonga kwa mambo tuliyokubaliana tu: kuna aliyeumia, kuna moto, au mtu mzima anaita. Kanga ikiondolewa, na mimi simu naiweka mbali. Sehemu hii ya pili ina uzito uleule, kwani mtoto hawezi kuheshimu saa zako za kazi kama hajawahi kuona saa zake zikiheshimiwa.

Halafu kuna dada wa kazi. Wengi wetu tunaosema tumeweza kulinganisha kazi na nyumba, tumeweza kwa sababu kuna msichana anayeinuka kabla yetu na kulala baada yetu, na katika simulizi zetu hatajwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu kama inavyomhusu karani wa benki: mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, saa za kazi zisizozidi 45 kwa wiki kabla ya kuhesabu ziada. Nikidai kwamba kazi yangu ya nyumbani ihesabiwe kuwa kazi, siwezi kumnyima yeye neno hilohilo.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa. Bosi anayeshinda nyumbani anaigeuza kazi ya dada kuwa ngumu zaidi. Zamani mwenye nyumba akiondoka asubuhi, dada alipumua, akapanga siku yake. Sasa anaangaliwa kutwa, mtoto analilia mlango wa mama, na kila baada ya muda mama anatoka kurekebisha hiki na kile. Tumekubaliana kwamba mlango wangu ukifungwa, maamuzi ya nyumba ni yake. Akiamua mtoto ale uji badala ya viazi, atakula uji, nami nanyamaza. Jumapili yake ni yake yote, hata iangukie tarehe 20.

Walioajiriwa wana mapambano ambayo mimi sina, na waajiri wao wanahitaji kuambiwa. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi na za msingi kufunguliwa mwishoni mwa Juni, ofisi nyingi zilijifunza kwamba kazi inaweza kufanyikia sebuleni. Hazikujifunza kwamba sebuleni kuna watu. Kikao kinaitishwa saa kumi na mbili jioni, muda wa kuogesha na kulisha, kwa hoja kwamba hakuna anayehangaika na foleni ya kurudi. Saa 45 za wiki ni zilezile popote mtu alipokaa. Mama anayenyonyesha sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, na haki hiyo haifutiki kwa sababu mtoto yuko chumba cha pili.

Na gharama nazo zizungumzwe. Kampuni iliyorudisha nusu ya ofisi kwa mwenye jengo imeokoa pango, umeme na maji. Sehemu ya akiba hiyo imlipie mfanyakazi bando na units, na iandikwe kwenye mkataba wake, ili asiipoteze siku bosi mwenye huruma akihamishwa.