Nimemwomba Mke Wangu Mwaka Mmoja

Hapa Uingereza pensheni ya serikali haiangalii mvi tu. Inaangalia pia umechangia Bima ya Taifa, ile National Insurance inayokatwa kwenye mshahara, miaka mingapi: kwa kawaida ukifikisha 35 unapata pensheni kamili, na chini ya 10 huambulii kitu. Na mwaka wenyewe si huu wa Januari hadi Desemba. Wao wa kwao unaanza tarehe 6 Aprili, na usiniulize kwa nini tarehe 6.

Jamaa mmoja kazini, wale wanaojua kila kitu kabla hakijatokea, akatuhimiza tuingie mtandaoni kila mtu akague rekodi yake. Nikaingia kwa mbwembwe, mke wangu kakaa pembeni na ya kwake kwenye simu. Yake: mwaka kamili, mwaka kamili, mwaka kamili, mpaka chini. Yangu mwanzo mwanzo tu: 2023/24, mwaka haujakamilika.

"Huo mwaka ulikuwa wapi, baba watoto?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeokota risiti ya hoteli mfukoni mwa suruali.

Nilikuwa humuhumu ndani! Yeye ni muuguzi, zamu za usiku, tukakubaliana mimi niache kazi nibaki na watoto. Nimepika, nimefua, nimefuta makamasi ya msimu mzima wa baridi. Serikali haikuona hata moja.

Ukitaka kuziba pengo unaweza kununua mwaka. Kwa 2024/25 mchango wa hiari, ule wa Daraja la 3, ulikuwa pauni 17.45 kwa wiki, yaani zaidi ya pauni 900 kwa mwaka mzima. Ukipiga hesabu si hasara: mwaka mmoja unakuongezea fungu moja kati ya 35 ya pensheni, kwa hiyo ukistaafu na kuvuta pumzi kama miaka 3 hela imerudi. Lakini nilipe pauni 900 kwa kazi niliyokwisha kuifanya bure? Thubutu!

Kumbe iko njia nyingine. Anayepokea posho ya watoto, mtoto akiwa chini ya miaka 12, huandikiwa mchango wa Bima ya Taifa bila kutoa senti. Posho yetu iko kwa jina la mama watoto. Naye mwaka huohuo alikuwa anakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo ule wa malezi umemkalia bure tu, maana mwaka hauhesabiwi mara mbili. Sheria inaruhusu umhamie mwenzi wake aliyekuwa analea. Kuna fomu. Fomu inataka saini ya mke.

Nikapiga simu kwanza ofisini kwao kuuliza. Muziki ukapigwa weee, nikaweka spika, nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Alipopokea yule dada, mpole kweli, akasema angependa kuzungumza na mwenye posho. Mke wangu akasogea mezani taratibu, kama bibi harusi.

"Mama, katika kipindi hicho mumeo ndiye aliyekuwa akilea watoto?"

Kimya. Macho yananitiririka, na safari hii sina hakika kama ni vitunguu.

"Siku moja," akaanza, "alimpeleka mkubwa shule, shule imefungwa. Na mdogo alikwenda naye kavaa viatu vya kushoto miguu yote miwili. Kimoja chake, kimoja cha dada yake."

"Hakulia!" nikadakia.

Nikasikia yule dada anakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. "Mama, nahitaji ndiyo au hapana tu."

"Ndiyo," akasema. "Lakini andika kwamba nimesita."

Saini ikapatikana usiku ule kwa bei ya kusugua bafu mwezi mzima. Nikaiacha fomu mezani, asubuhi ndiyo niipeleke posta. Asubuhi nikamkuta mdogo juu ya kiti, kalamu nyekundu mkononi, ulimi nje. Kamchora samaki mkubwa, mapezi yote, kichwa chake kimelalia saini ya mama yake na mkia umeishia pale palipoandikwa sehemu hii ni ya ofisi.

Nikachapa fomu mpya, nikarudi kwa mwenye mali. Alikuwa ametoka zamu, anakunywa chai, hana haraka.

"Ile bei ilikuwa ya jana," akasema.

Kwa hiyo bafu, na pasi za sare zake, na kwenye shughuli zote za ukoo wao nisionekane naangalia saa. Nikakubali yote nimesimama.

Majibu yalipokuja, mwaka umehamishwa, rekodi imejaa. Barua akaifungua yeye, akaibandika kwenye friji, na chini yake akaongeza kwa kalamu: "Kwa hisani ya mke. Haurudishwi, haubadilishwi."

Mkubwa ameshajifunza kusoma. Kila mgeni akiingia, anamsomea.