Prednisoloni na sungusungu wa damuni

Mama mdogo wangu wa Urambo aliinua blauzi nikaona malengelenge yamejipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto, mstari mmoja, bila kuvuka kwenda kulia. Mkanda wa jeshi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na majirani walishamsifia kwamba amenawiri. Tangu mabani ya tumbaku yawashwe na pumu kumbana, alikuwa akimeza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi. Daktari alimwandikia siku 5. Miezi mitano iliyofuata alijinunulia dukani.

Barazani ndugu waligawanyika. Shemeji yake alisema, "Hizo zinaua kinga, zitupwe leo." Binti yake akamjibu, "Bila hizo, baba, mama tungeshamzika."

Kuhusu kinga, shemeji hakubuni. Damuni mna seli ziitwazo wauaji asilia, kwa kifupi NK, ambazo mtu wa Tabora atazielewa upesi akikumbuka sungusungu, walinzi wa kijiji. Hazingoji jalada la polisi. Zinapita zikikagua kitambulisho ambacho karibu kila seli yenye afya hukibandika juu ya ganda lake. Virusi vingi, na saratani pia, hukificha. Seli isiyo nacho hutobolewa kwa protini iitwayo perforini, kisha huingizwa vimeng'enya vinavyoifanya ijiue. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walieleza habari za msichana aliyekosa kabisa seli hizi: tetekuwanga ilimwelemea vibaya. Na virusi vya tetekuwanga ndivyo hulala kwenye neva miaka mingi, kisha huamka kama mkanda wa jeshi.

Steroidi huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuzima baadhi ya maagizo. NK hubaki na vipokezi vichache vya kumtambua adui, perforini kidogo, na sauti hafifu ya kuwaita wenzake. Unaweza kuzihesabu ukazikuta zipo nyingi tu. Kilichopungua ni makali. Siwezi kuapa kwamba udhaifu wa NK ndio uliomponza mama mdogo, kwa sababu steroidi hudhoofisha pia seli T, na hizo ndizo walinzi wakuu wa virusi hivyo.

Lakini binti naye anasema kweli, na upande wake husikika kidogo mno. Pumu ikipamba moto, kinga yenyewe ndiyo inayovimbisha njia ya hewa. Kuipoza ndiyo tiba. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza, mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19: deksamethasoni, steroidi nyingine, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Dawa ile ile, dozi ile ile. Mmoja kinga yake ilikuwa inamchoma mwenyewe, mwingine alikuwa bado anaihitaji ipambane na virusi.

Kwa hiyo mimi niko na binti kwa zile siku 5, na niko na shemeji kwa miezi mitano. Muda huo, kwa dozi ile, hata kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Ila neno lake la "zitupwe leo" linanitisha kuliko vidonge vyenyewe. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza steroidi yetu ya asili. Zikikaa miezi zikilishwa kutoka nje, husinzia. Ukikata ghafla, presha inaweza kuanguka na mtu akafa.

Mama mdogo sasa anapunguza kidogo kidogo, kwa wiki, daktari akimfuatilia, na amepewa steroidi ya kuvuta kwa mdomo. Ile hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya elfu ya miligramu, na kazi yake huishia zaidi mapafuni. Duka la karibu naye halina. Prednisoloni ipo, na muuzaji hamwombi cheti.