Kitufe ndani ya kadi: tukio likatwe au liachwe lipande?

Chukua ukurasa wa duka la mtandaoni. Kila bidhaa ina kadi yake. Ukibofya popote kwenye kadi, maelezo yanafunguka. Ndani ya kadi kuna kitufe cha "Ondoa". Mteja anakibofya, bidhaa inaondoka, na papo hapo maelezo yake nayo yanafunguka. Kivinjari hakijakosea. Katika JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, tukio la kubofya (taarifa ya kivinjari kwamba umebofya) huanzia kwenye kitufe, hupanda kwa mzazi wake, yaani kipengele kinachokibeba, kwa babu, mpaka kwenye document, yaani ukurasa mzima, na kila msikilizaji (msimbo unaosubiri tukio) aliyewekwa njiani huitikia.

Miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kililishusha tukio kutoka juu, kile cha Internet Explorer kikalipandisha kutoka chini. Kiwango cha mwaka 2000 cha W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, kikachukua yote mawili: tukio hushuka kwanza, kisha hupanda, na addEventListener, amri ya kumweka msikilizaji, husikiliza wakati wa kupanda usipoiambia vingine.

Wengi hukimbilia kuandika event.stopPropagation(), amri ya kulikata tukio lisiendelee kupanda, kwenye kitufe. Nawaelewa. Ni mstari mmoja, unakaa pale pale penye kitufe, na kadi haina haja ya kujua lolote kuhusu watoto wake.

Gharama yake huja baadaye, tena mara nyingi humwangukia mtu mwingine. Niliwahi kuhangaika nusu siku na menyu iliyogoma kujifunga. Msikilizaji wake alikuwa kwenye document: mtu akibofya nje ya menyu, ijifunge. Ilijifunga kila mahali, ila ukibofya vitufe vya kwenye kadi ilibaki wazi. Nilisoma msimbo wa menyu mara tatu bila kuona kosa, kwa kuwa kosa halikuwemo humo. Tukio lilikuwa limekatwa njiani, kwenye faili ambalo sikuwa na sababu ya kulifungua.

Njia ya pili ni kadi yenyewe kuuliza tukio limeanzia wapi: if (event.target.closest('button')) return, yaani kilichobofywa (event.target) kikiwa kitufe au kikiwa ndani ya kitufe, kadi isifanye lolote, na tukio likaachwa liendelee kupanda. Usilinganishe event.target na kitufe moja kwa moja. Kitufe kikiwa na ikoni ya SVG (aina ya picha ambayo ni kipengele chake chenyewe kwenye ukurasa), aliyebofya katikati ameibofya ikoni, na ulinganisho unafeli. Aliyebofya pembeni haoni tatizo. Kasoro ya namna hiyo inachosha sana kuitafuta.

Udhaifu wa closest ni kwamba kadi lazima ijue orodha nzima: vitufe, viungo, visanduku vya kuteua. Ukisahau kimoja, maelezo yatafunguka pasipotakiwa. Hata hivyo naichagua njia hii, maana ukisahau, kosa linajitokeza kwenye kadi ile ile uliyoibofya, na hapo ndipo utakapoanza kutafuta.

Kama umerithi ukurasa uliojaa stopPropagation na huwezi kuzigusa, mweke msikilizaji wa menyu kwenye mshuko, yaani asikilize tukio linaposhuka: ipe addEventListener ya document thamani true mahali pa tatu. Menyu italisikia tukio kabla halijafika kwenye kitufe.