Saruji Ililala, Mimi Nikakesha

Mimi ni mtunza stoo, au mtunza ghala kama ilivyoandikwa kwenye barua yangu ya ajira, na kazi yenyewe naiweza. Mifuko ya saruji ikiingia 300 itatoka 300, na uliopasuka nitakueleza ulipasukia wapi. Taabu yangu ni moja tu: bosi anataka maelezo hayo yaandikwe kwa Kiingereza, na mambo ya ghalani, kwa bahati mbaya, huwa yameshatokea ninapoketi kuyaandika.

Juma lililopita mvua ilinyesha usiku, paa likavuja, na asubuhi nikakuta mifuko 14 imelala sakafuni badala ya kuwa juu ya paleti. Kwa Kiswahili hilo ni jambo la kumaliza kabla chai haijapoa: mifuko 14 ililala chini. Hiyo "li" unaichomeka katika kitenzi chochote, kiwe cha kulala, cha kula au cha kukimbia, nayo haikiulizi ni cha ukoo gani.

Kwa Kiingereza kulala namna hiyo ni "lie". Nikaongeza "d" kama nilivyofundishwa, nikapata "the bags lied", yaani mifuko ilisema uongo. Mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kulikoni. "Baba," akasema alipopata pumzi, "ya jana ni 'lay'." Nikaandika "lay", nikashukuru, kisha nikakumbuka kwamba "lay" ni kitenzi kingine kinachojitegemea, cha mtu anayekilaza kitu, na ndicho hicho hicho cha kuku anayetaga. Kwa hiyo mifuko ikilala yenyewe jana ni "lay", mtu akiilaza leo ni "lay", aliyeilaza jana ni "laid", na ikiwa imelala tangu usiku ni "lain", neno ambalo sijapata kulisikia kinywani mwa mtu aliye hai. Sasa bosi anachotaka kujua ni hicho tu: mifuko ililala yenyewe, au kuna mtu aliyeilaza? Nikikosea hapo, mlinzi hana kazi.

Nikaona nianze na nilichokiona. "See" ikawa "saw", lakini "saw" ni msumeno, na kukata kwa msumeno nako ni "saw", ambako kukiwa kwa jana huwa "sawed". Nikahamia kwa "find", ikawa "found". Mwanangu akanijulisha kwamba "found" pia ni kuasisi, kama mtu anavyoasisi shule, na kwamba huyo wa pili kwa jana huwa "founded". Mimi nilikuta mifuko, sikuiasisi. Hata "go" hakunifaa, kwa sababu "went" hapo zamani alikuwa wa kitenzi kingine kiitwacho "wend", "go" akamchukua moja kwa moja. Katika ghala langu kitu hakitoki hivyo bila hati.

Nikasema basi nimtetee mlinzi, nieleze kwamba wakati mvua inaingia alikuwa ameshakunywa chai na yu macho. Kumbe kunywa kuna "drank" na kuna "drunk", na huyo wa pili ndiye pia mlevi. Nilikuwa nimeshaandika "the watchman was drunk" na ninatafuta mahali pa kuliweka neno chai, mwanangu akanishika mkono.

Tangu usiku ule ninaishi na vitenzi vya amani peke yake. Wapo wasiobadilika, "put", "cut", "hit" na "shut", ambao jana na leo ni wale wale, watu wa msimamo. Wapo wanaopokea "ed" bila fujo, kama "look", "stay" na kipenzi changu "walk". Katika taarifa zangu siku hizi hakuna anayekula, hakuna anayekimbia, hakuna anayeanguka. Dereva wa lori hakuja, alitembea, na mzigo haukuletwa, ulitembea naye.

Hivyo taarifa ya saruji niliimaliza kwa mistari mitatu: mvua iliingia, mifuko ilibaki sakafuni, mlinzi alitazama. Kila kitenzi kilikuwa na "ed" yake, safi kama kaunda suti ya sikukuu. Nikaituma, nikalala, au nikalazwa, vyovyote iwavyo.

Asubuhi bosi akajibu kwa swali moja: "Who laid them there?" Mwanangu alikuwa ameshakwenda shule. Nilitazama lile "laid" kwa muda mrefu, nikapiga hesabu ya vitenzi vyote ninavyoviamini, nikamjibu kwa heshima zote: "They walked."

Nimeitwa ofisini saa nne, na nimeambiwa nije na mlinzi.